Kipimasumaku hakioni dhahabu

Wahenga walituachia usemi kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Nimeufunza usemi huo darasani kwa miaka kumi na mitano, nikiutumia kama kielelezo cha jinsi neno moja linavyoweza kubeba mizigo miwili. Sikuwahi kudhani kwamba siku moja ungebisha hodi nyumbani kwa dada yangu mjini Kitengela, ukiwa umeletwa na kijana mmoja mtanashati mwenye kisanduku cheusi na vijiti viwili vya kung'aa.

Kijana huyo alikuwa mchuuzi. Alieleza kwamba kisanduku chake huitwa magnetomita, kwamba kimetengenezwa Ujerumani, na kwamba kinaona dhahabu, almasi na maji hadi mita thelathini chini ya ardhi. Bei yake ilikuwa shilingi 180,000, nusu taslimu na nusu baada ya mnunuzi kuonja matunda. Dada yangu alikuwa na akiba katika chama cha akina mama, fedha alizozidunduliza kwa miaka sita akiuza mboga na mitumba. Mwanawe, ambaye ni fundi wa redio na simu, alikuwa ameshaanza kuota utajiri wa vilima vya Kajiado. Kwa bahati njema, kabla fedha hazijatoka, alinipigia simu. "Mjomba," akaniuliza, "wewe ni daktari wa lugha. Hili neno magnetomita maana yake hasa ni nini?"

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba hilo ndilo swali ambalo kila anayetaka kununua chombo cha kutafutia madini anapaswa kuuliza kabla hajauliza bei. Ndiyo sababu nimeshika kalamu leo.

Kwanza, tusifanye haraka kuwacheka wanaowaamini wachuuzi wa aina hii. Kajiado ni nchi ambayo utajiri umetoka ardhini mchana kweupe, wenyeji wakitazama. Kampuni ya magadi iliundwa mwaka 1911, na reli ikajengwa kwenda kuyachukua ziwani. Malori ya mawe ya chokaa yanayolisha viwanda vya saruji, pamoja na machimbo ya marumaru, ni mambo ambayo watoto wa huko wamekua wakiyaona. Ng'ambo ya mpaka, huko Mirerani nchini Tanzania, mchimbaji mdogo Saniniu Laizer, Mmaasai kama majirani zetu, aliiuzia serikali yake vipande viwili vya tanzanaiti mnamo Juni 2020. Kimoja kilikuwa na uzito wa kilo 9.27 na kingine kilo 5.1, naye akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 za Tanzania. Kijana wa Kitengela aliyesoma habari hizo, kisha akainua macho kuvitazama vilima vya upande huu wa mpaka, nani atamlaumu akijiuliza kilichofichika humo?

Isitoshe, ardhi yenyewe imebadilika mikononi mwa watu. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake mwishoni mwa miaka ya 1980. Mashamba yakakatwakatwa, ploti zikauzwa, na pale palipokuwa malisho ya ng'ombe na mapito ya nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi, leo ni seng'enge na mabati. Wapo walionunua wakatajirika, na wapo waliouza wakajuta. Anayejuta kwa kuuza asichokijua thamani yake, na anayeogopa kununua asichokijua, wote wawili wana njaa ya kujua kilichomo chini. Njaa hiyo ndiyo mbolea ya ulaghai.

Sasa turudi kwenye neno. Lugha yetu ina utaratibu mzuri wa kuviita vyombo vya kupimia. Kinachopima joto tunakiita kipimajoto, na kinachopima pembe tunakiita kipimapembe. Kwa utaratibu huo huo, magnetomita ni kipimasumaku, wala hakuna haja ya kulitafuta neno lingine. Na neno hilo, likitamkwa wazi, limekwisha kujibu nusu ya swali la mpwa wangu. Muuguzi anapokutia kipimajoto kwapani, chombo hicho hakimwambii kwamba una malaria. Kinamwambia kwamba mwili una joto la kiwango fulani, basi. Ugonjwa hutafutwa kwa elimu na kwa vipimo vingine. Vivyo hivyo, kipimasumaku hupima nguvu ya sumaku mahali kilipo. Hakioni dhahabu wala almasi. Mchuuzi wetu alichokuwa akiuza ni kitenzi: aliondoa "kupima" akaweka "kuona", na juu ya kitenzi hicho kimoja akaweka bei ya shilingi 180,000.

Msomaji ataniwia radhi nikieleza kidogo jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi, kwa kuwa anayejua jambo hili hawezi kudanganywa kwa urahisi. Dunia yetu ni sumaku kubwa, na kila mahali juu yake pana nguvu ya sumaku inayopimwa kwa kizio kiitwacho nanotesla. Katika sehemu za Nairobi na Kajiado nguvu hiyo ni kati ya nanotesla 33,000 na 34,000 hivi, ilhali mjini London inakaribia 49,000. Miamba yenye madini ya chuma, hasa yale yaitwayo magnetiti, huiongeza au kuipunguza nguvu hiyo kwa makumi, mamia, na pengine maelfu ya nanotesla. Mtafutaji hutembea kwa mistari iliyonyooka, akisoma namba kila baada ya hatua kadhaa na kuziandika, kisha akachora ramani. Ramani hiyo humwonyesha mahali ambapo mwamba wa aina moja unakomea na mwingine unaanza, au mahali ardhi ilipopasuka zamani. Kazi ya kipimasumaku inaishia hapo.

Dhahabu haivutwi na sumaku. Almasi pia haivutwi, wala tanzanaiti ya Laizer. Na hapa ndipo penye kinaya cha Kajiado: utajiri wake unaojulikana, yaani magadi, chokaa, marumaru na jasi, ni wa vitu ambavyo sumaku haishughuliki navyo. Ungeweza kupita juu ya mlima wa marumaru na chombo kikakuonyesha utulivu tu. Utulivu huo, kwa hakika, nao ni habari kwa mtu aliyesoma, kwa kuwa marumaru iliyozungukwa na miamba yenye chuma huonekana kama kisiwa cha kimya. Dhahabu ya Kenya nayo inafahamika zaidi huko Migori, Kakamega, Vihiga, Siaya na Lolgorien. Wanaoitafuta huko kwa kipimasumaku huwa wanatafuta miamba au michanga myeusi ya magnetiti ambayo huenda ikaandamana na dhahabu, na kwenye mito mchanga huo huo mweusi ndio hubakia ndani ya karai la mchekechaji. Kipo pia kile chombo cha kugundua metali, ambacho hutoa mawimbi yake chenyewe na kweli huweza kuitambua chembe nene ya dhahabu, lakini ile iliyo karibu sana na uso wa ardhi. Hicho ni chombo kingine na kina jina lake.

Nilipofika Kitengela Jumamosi ile, nilimkuta mchuuzi keshapewa chai. Sikumtukana. Nilimwomba tufanye jaribio dogo. Dada yangu alivua pete yake ya ndoa, ya dhahabu, tukaiweka chini ya karai moja kati ya makarai matano yaliyofunikwa uani, mchuuzi akitazama. Vijiti vyake vikainama mara moja kuelekea penye pete. Tukarudia, navyo vikainama tena barabara. Kisha nikamwomba asimame nje ya lango pamoja na sisi sote, mpwa wangu akabaki peke yake kuificha pete, akamaliza akaingia chumbani na kufunga mlango ili uso wake usije ukamfichua. Tulifanya hivyo mara kumi. Mchuuzi alipatia mara mbili. Mtoto asiye na chombo chochote, akibahatisha kwenye makarai matano, angetarajiwa kupatia mara hizo hizo mbili. Mwenzetu akasema betri imepungua nguvu na udongo wa Kitengela ni mgumu. Akakunja vijiti vyake, akamaliza chai, akaaga kwa heshima.

Nisingetaka msomaji adhani kwamba wanaonaswa katika mtego huu ni watu wasiosoma. Mwingereza James McCormick aliviuza vijiti vya aina hiyo, vikiitwa ADE 651, kama vyombo vya kugundua mabomu, tena kwa maelfu ya dola kila kimoja. Asili yake ilikuwa kitu cha mchezo kilichouzwa Marekani kwa chini ya dola 20, eti cha kutafutia mipira ya gofu iliyopotea. Wanajeshi na polisi wa Iraki walisimama navyo vizuizini, na mabomu yakapita. McCormick alihukumiwa London mwaka 2013 kifungo cha miaka kumi. Ikiwa dola zima lenye majenerali na wahandisi liliweza kudanganywa, mama wa mboga atajikingaje peke yake?

Mchuuzi alipokwisha kuondoka, mpwa wangu alikaa kimya kwa muda, kisha akasema jambo lililonifurahisha mno. "Mjomba, kama hakinunuliki, basi tukiunde."

Na kweli kinaundika. Aina moja ya kipimasumaku, iliyobuniwa miaka ya 1950, haihitaji zaidi ya chupa ya plastiki, waya wa shaba, mafuta ya taa, betri na kikuza sauti. Viini vya haidrojeni vilivyomo katika mafuta hayo huzunguka kama pia zile walizocheza watoto wa zamani. Ukizungushia chupa waya mara mia kadhaa na kupitisha umeme kwa sekunde chache, pia hizo huelekea upande mmoja. Ukikata umeme ghafla, huanza kuyumba kwa pamoja kuifuata sumaku ya dunia, na kuyumba huko huacha mnong'ono wa umeme ndani ya waya. Mnong'ono huo ukikuzwa husikika masikioni kama mluzi hafifu unaofifia baada ya sekunde moja au mbili. Kadiri sumaku ya mahali inavyokuwa na nguvu, ndivyo mluzi unavyopanda.

Jioni ya kwanza, pale uani, hatukusikia mluzi wowote. Tulisikia mngurumo wa nyaya za umeme, na mabati ya jirani yalikuwa yameivuruga sumaku ya mahali pale. Chuma kikiwa karibu, pia zilizo upande mmoja wa chupa huyumba kwa kasi tofauti na zile za upande wa pili, nao mluzi hufa kabla haujazaliwa. Yeyote anayefikiri kwamba atatafuta madini kwa chombo hiki katikati ya maploti ya Kitengela, penye milango ya chuma, mabomba na magari, na ajue kwamba atakachokipata ni milango, mabomba na magari. Juu ya hayo, tambarare hizi za Athi na Kapiti zimetandazwa mawe ya volkeno ya fonoliti, neno la asili ya Kiyunani lenye maana ya jiwe la sauti, kwa kuwa bamba lake likigongwa hulia. Mawe ya volkeno hubeba sumaku yao wenyewe tangu yalipopoa, na kelele zake zaweza kuifunika ishara ndogo iliyo chini yake.

Tulitoka nje ya mji, mbali na nyaya, na huko mluzi ukaja. Mpwa wangu aliurekodi kwa simu. Nami nikautia katika programu ya Praat, ile iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo sisi wanaisimu huitumia kupima irabu na toni. Nimepima kwa programu hiyo sauti za wazee na za watoto. Sikuwahi kupima sauti ya dunia. Ilikuwa mitetemo 1,427 kwa sekunde, yaani nanotesla 33,500 hivi, kama vile vitabu vinavyotuambia itarajiwe kuwa. Gharama yetu yote haikufika shilingi 9,000, maana vipuri vingi vilitoka katika redio mbovu.

Faida kubwa ya kuunda kuliko kununua haipo katika fedha pekee. Anayeunda hujua chombo chake kinasema nini na kinanyamazia nini. Alijifunza mpwa wangu, mathalani, kwamba mtetemo mmoja ukiongezeka kwa sekunde, sumaku imepanda nanotesla 23 na nusu hivi, na kwamba mtu mwenye bisibisi mfukoni haamini namba yoyote. Alijifunza kwamba namba hazitulii hata ukisimama mahali pamoja: mchana hubadilika kwa makumi ya nanotesla kwa sababu ya jua, na wakati wa dhoruba ya sumaku, kama ile kubwa ya Mei 2024, hubadilika kwa mamia. Kwa hiyo wapimaji wa kweli huwa na vyombo viwili, kimoja kikitembea na kingine kikikaa pale pale kama shahidi, ili mabadiliko ya jua yatolewe katika hesabu.

Alijifunza pia jambo ambalo wachuuzi wengi hawalijui. Vitabu vingi vya wanagenzi vimeandikwa Kanada, Marekani na Ulaya, ambako nguvu ya sumaku huzama ardhini karibu wima. Huko, mwamba wenye magnetiti hujitokeza kama kilele cha namba. Sisi tuko karibu na ikweta ya sumaku, inayopita kaskazini yetu, na huku kwetu nguvu hiyo imelala. Mwamba ule ule hujitokeza zaidi kama bonde la namba. Anayekifuata kitabu cha Kanada neno kwa neno atachimba pasipo. Sumaku nayo ina lafudhi za mahali, na tafsiri sisisi haifai katika elimu ya miamba kama isivyofaa katika ushairi.

Kwa wale watakaosisitiza kununua, nitawaachia maswali matatu ya kumuuliza muuzaji. Je, chombo kinatoa namba, na namba hizo ni za nanotesla? Je, ukirudi mahali pale pale baada ya dakika tano kinatoa namba ile ile au iliyo karibu nayo? Je, kinaweza kupita jaribio la makarai muuzaji akiwa nje ya lango? Vipimasumaku vya kitaalamu vipo, na bei yake ni maelfu ya dola, lakini hakuna kampuni ya haki itakayodai kwamba vinaona dhahabu. Na anayetaka kujifunza bila gharama ana chombo mfukoni tayari, kwa kuwa simu nyingi za kisasa zina kihisi kidogo cha sumaku kinachoendesha dira. Kitamwonyesha msumari uliojificha ukutani, lakini asikitegemee kwa miamba.

Hadi hapa nimezungumzia ulaghai wa muuzaji. Lipo jambo la pili, zito zaidi, nalo linamhusu mpimaji mwaminifu.

Tulipotaka uwanda usio na chuma wa kukijaribia chombo chetu vizuri, tulikwenda mbele ya Isinya kwa mzee mmoja ambaye dada yangu hununua maziwa kwake. Tulimweleza kwamba hatutafuti madini, kwamba tunajaribu chombo tu. Alitusikiliza hadi mwisho, akakitazama kile chupa chetu chenye nyaya, kisha akaniuliza, "Mwalimu, ukijua wewe kwanza kilicho chini ya miguu yangu, halafu siku nyingine uje kutaka kununua, tutakuwa tumeuziana nini?"

Sikuwa na jibu. Kwa mtu anayelipwa mshahara kwa kuzungumza, hilo si jambo dogo.

Mzee akatuwekea masharti mawili: atembee nasi kila hatua, na kila tutakachokiandika tumwachie nakala. Tukakubali. Asubuhi nzima tulipiga mistari, mpwa wangu na chupa, mimi na daftari, mzee na fimbo yake. Kwenye mstari wa tano mluzi ulianza kupanda, kisha ukakatika ghafla. Tukarudia, ukakatika tena pale pale. Nilimwona mpwa wangu akitetemeka mikono. Mzee akatuuliza tumepata nini, tukamwonyesha. Akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Hilo ni bomba la josho," akasema. "Lilizikwa nikiwa kijana. Josho lilikwisha kubomoka, ng'ombe wenyewe hawalikumbuki." Alichukua nakala yake ya namba, akaikunja, akasema ataiweka pamoja na hati ya ardhi yake.

Swali la mzee yule lina historia nyuma yake. Wamaasai walihamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kutiwa alama na watu wasioisoma lugha hiyo. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilitupwa. Huko Kakamega, dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931, sheria iliyokuwa imetungwa mwaka 1930 tu kuwahakikishia Waafrika ardhi ya hifadhi zao milele ilirekebishwa mwaka 1932, ili ardhi iweze kutolewa kwa wachimbaji bila wenyeji kushauriwa na bila wao kupewa ardhi nyingine badala yake. Ile milele iliyoahidiwa ilidumu miaka miwili. Katika visa hivyo, mwenye maarifa alikuwa upande mmoja na mwenye ardhi upande wa pili.

Leo tuna sheria iliyo bora. Katiba ya mwaka 2010 inayahesabu madini yote kuwa mali ya umma, hata yakiwa chini ya shamba la mtu. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inakataza yeyote kutafuta au kuchimba madini bila kibali, inadai idhini ya mwenye ardhi au ya jamii yenye ardhi, na inaugawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali. Mchimbaji mdogo aliye raia anaweza kuomba kibali kupitia afisi ya madini ya kaunti. Kwa hivyo, kijana anayekwenda kuvizia mashamba ya watu alfajiri na chombo chake, hata kiwe kipimasumaku halisi, anavunja sheria. Lakini ni wangapi Kitengela waliowahi kuisoma sheria hiyo katika lugha wanayoiota usiku? Asilimia 10 ya jamii haina maana kwa jamii isiyoweza kusoma kilichoandikwa juu yake.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, wakuu wa polisi na wa biashara waviandame vijiti hivi sokoni kama wanavyoviandama vyakula vilivyooza. Jaribio la makarai matano halihitaji maabara. Pili, vyuo vyetu vya ufundi viwafunze vijana kuunda vipimasumaku vya chupa. Ni somo la umeme, la fizikia na la hesabu kwa pamoja, na kijana aliyeisikia dunia ikipiga mluzi hatasahau alichofunzwa. Hata kama hatapata madini, ataweza kuelewa jinsi wataalamu wanavyoisoma sumaku iliyogandishwa katika tabaka za Olorgesailie, humo humo Kajiado, ambamo imo alama ya wakati sumaku ya dunia ilipogeuka, yapata miaka 780,000 iliyopita.

Tatu, serikali, ambayo imefanya upimaji wa madini wa kitaifa kwa kutumia ndege, iyaeleze matokeo ya kazi hiyo kwa Kiswahili na kwa Kimaa, katika ramani ambazo mwenye shamba anaweza kukunjua mezani pake. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, na lugha rasmi isiyoweza kutaja kilicho chini ya ardhi ya raia ina kasoro ambayo sisi wanaisimu tunapaswa kuionea haya kabla ya wengine. Nne, kila mpimaji, awe mtaalamu au wa ridhaa, alazimike kumwachia mwenye ardhi nakala ya namba zake, kama alivyodai yule mzee. Sharti hilo halimgharimu mpimaji zaidi ya karatasi mbili.

Najua watakaosema kwamba kijana maskini hawezi kungojea ramani, vibali na nakala, ilhali fursa iko mlangoni. Nawaelewa. Lakini fursa iliyokuja mlangoni kwa dada yangu ilikuwa na vijiti viwili na ulimi laini, na ingeondoka na jasho la miaka sita. Kilichoiokoa akiba ile ni kijana aliyethubutu kumuuliza mtu maana ya neno.

Dada yangu bado ana pete yake na akiba yake. Mpwa wangu anaunda chupa ya pili, ile ya kukaa pale pale kama shahidi. Ameniambia kwamba ikikamilika tutarudi kwa yule mzee, kwa idhini yake, kuumaliza mstari wa tano, naye ameshaagiza tumletee nakala iliyoandikwa kwa herufi kubwa, kwa kuwa macho yake yamechoka.